Kura Thelathini na Moja

Kila siku akitoka shule, Kijino alipitia dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alibandikwa na wenzake wakiwa darasa la kwanza, kwa sababu ya jino moja lililokuwa na haraka ya kuota kuliko mengine. Sasa alikuwa darasa la saba na meno yote yamejipanga sawasawa, lakini jina lilikataa kubanduka. Alitua mkoba chini ya meza, akanawa mikono na kuikausha vizuri, maana baba yake hakuvumilia mkono wenye maji karibu na simu.

Baba yake alikuwa fundi simu, na mji mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba hakukuwa na fundi mwingine. Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, taa ya kuinama na kabati la droo ndogondogo. Kazi ya Kijino ilikuwa kuandika vikaratasi: jina la mwenye simu, ugonjwa wa simu, na namba za siri za kuifungulia, ili Fundi aweze kuijaribu baada ya kuitengeneza. Simu na kikaratasi chake viliingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Zilizopona zilipangwa kwenye trei kubwa karibu na dirisha, laini zikiwa ndani, zikiwasubiri wenyewe. Wengi wao waliishi milimani na waliteremka mjini Jumamosi, siku ya soko, kwa hiyo kila Ijumaa trei ilijaa pomoni.

"Mtu akikupa simu na namba zake za siri, amekupa nyumba na ufunguo," Fundi alikuwa akimwambia. "Ukiingia chumba ambacho hukutumwa, wewe ni mwizi hata kama hukubeba kitu."

"Ndiyo, Baba," Kijino alikuwa akijibu, huku akiandika *kioo kimepasuka* kwa mwandiko wake mzuri.

Mwaka huo dukani kulikuwa na habari moja tu. Dada yake Kijino, mshonaji wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameingia kumi bora katika shindano la kuimba la televisheni. Hakuna mtu wa milimani aliyewahi kufika huko. Familia yao ilitoka huko zamani, ikahamia mji huu ulio chini ya milima, lakini dada aliimba kama bibi yake aliyemlea: mwisho wa kila mstari aliivuta sauti, akaivunja mara mbili tatu katikati, kisha akaiachia ishuke polepole. Wateja wa Fundi walipomsikia kwenye televisheni, walikaa kimya mpaka amalize, na baadhi yao walifuta macho wakisingizia vumbi.

Waamuzi watatu wa shindano hawakufuta macho. Walicheka.

Mambo yalianza kuharibika siku wapiga picha wa televisheni walipokuja kumrekodi dada nyumbani. Kila mshiriki alikuwa na filamu fupi ya maisha yake. Wapiga picha wakalitazama duka la simu, wakaitazama cherehani ya dada, wakatazamana.

"Hamna mifugo?" mkubwa wao aliuliza.

"Tuna chaji za aina zote," Fundi alimjibu.

Hawakucheka. Walikwenda kuazima mbuzi kwa jirani, wakamwambia dada apige magoti amwimbie. Dada alimtazama mama yake, na mama akasema wageni wasikataliwe kitu kidogo kama mbuzi. Kukubali kule, kwa ajili ya adabu tu, kuliwagharimu sana. Tangu wiki hiyo, kila dada alipoitwa jukwaani, ulitangulia mlio wa mbuzi, watazamaji ukumbini wakavunjika mbavu, na dada akaanza kuimba akiwa tayari ameshachekwa. Walimvisha kitambaa cha katani na kumbebesha kikapu. Washiriki wenzake kutoka mji mkuu waliambiwa wana sauti pana, wana pumzi, wamepanda ngazi za sauti sawasawa. Dada aliambiwa, "Hapa si machungani, mrembo. Inyooshe hiyo sauti."

Shuleni, darasa la Kijino lilikuwa halina mazungumzo mengine kila Jumatatu. Aliyewaka kuliko wote alikuwa deski mwenzake, msichana waliyemwita Chiriku kwa sababu aliimba hata akiwa anafuta ubao. Yeye naye alikuwa wa milimani, na alishatangaza kwamba akifikisha umri na yeye atakwenda kwenye shindano hilo hilo.

"Mwalimu, wanatuonea," alilalamika siku moja katikati ya kipindi cha hesabu.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mwanamke mkavu asiyependa kelele, na wanafunzi walitarajia atawaambia wafungue vitabu. Badala yake aliweka chaki chini.

"Kuonewa kunahesabika," alisema. "Msiniletee manung'uniko. Nileteeni hesabu."

Wakamletea. Kwa wiki tano darasa zima liliangalia shindano likiwa na kalamu mkononi. Walihesabu dakika ambazo kila mshiriki alionyeshwa. Walihesabu maneno ya waamuzi: yapi yalihusu sauti ya mwimbaji, na yapi yalihusu anakotoka. Mwalimu aliwakatalia kutia chumvi hata kidogo, na kila namba yenye shaka aliifuta. Mwishoni walichora jedwali wakalibandika ukutani. Kwa washiriki tisa, waamuzi walizungumzia sauti karibu kila mara. Kwa dada, waamuzi walikuwa wametoa maoni ishirini na mawili, na kati ya hayo kumi na tisa yalihusu milima, mbuzi au nguo. Matatu tu yalihusu kuimba.

Mwalimu aliandika barua, akaambatanisha jedwali, na watu zaidi ya mia nne wakatia sahihi, wengine kwa dole gumba. Hawakuomba dada apewe ushindi. Waliomba ahukumiwe kwa sauti yake, kama wengine.

Jibu lilikuja haraka, pengine kwa sababu gazeti moja lilikuwa limeidokeza barua hiyo. Kituo cha televisheni kilisema kimesikia. Jumamosi inayofuata dada angeimba wimbo wa kwao aliouchagua mwenyewe, akiwa amevaa nguo aliyoishona mwenyewe, bila mlio wa mbuzi. Na barua ya darasa la saba ingesomwa hewani mbele ya nchi nzima. Siku ile watu wa mji walitembea kifua mbele, na Chiriku aliimba kutwa nzima mpaka akakauka sauti.

Kijino peke yake hakutulia. Kila wiki mwenye kura chache alitolewa kabla hata ya kuimba. Kura ilipigwa kwa ujumbe wa simu, bure, kura moja kwa kila laini, kuanzia Ijumaa adhuhuri mpaka Jumamosi jioni. Huko milimani mtandao ulipatikana kwa kupanda juu ya mwamba, na nyumba nyingi hazikuwa na televisheni. Mara mbili dada alikuwa amenusurika kwa tundu la sindano. Je, akitolewa Jumamosi hiyo kabla ya kufungua kinywa?

Ijumaa hiyo Fundi alikwenda stendi kupokea mzigo wa vioo na betri. Kijino alibaki dukani peke yake, na trei ilikuwa imejaa.

Alianza na simu moja tu. Ilikuwa ya bibi mmoja wa milimani, ambaye kwa vyovyote asingejua kutuma ujumbe. *Angempigia dada,* Kijino alijiambia. *Namsaidia.* Akasoma kikaratasi, akabonyeza namba za siri, akaandika saba, namba ya dada, akatuma. Halafu akaufuta ujumbe. Hakuna dari lililomwangukia. Akachukua ya pili, ya mwalimu wa chekechea. Akachukua ya tatu, ya muuza mkaa. Kwa kila moja alikuwa na sababu: huyu ni wa kwetu, na huyu ni wa kwetu, na huyu pia. Baba yake aliporudi na boksi begani, kura thelathini na moja zilikuwa zimepigwa, na Kijino alikuwa akifagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu.

Jumamosi asubuhi mteja wa kwanza alikuwa muuguzi wa zahanati ya milimani, mama mnene mchangamfu aliyeteremka na gari la mboga. Fundi alimpa kiti, na Kijino akamtafutia simu yake kwenye trei. Hapo ndipo simu moja ilipolia. Kisha nyingine. Kisha tatu kwa mpigo. Usiku kucha mtandao ulikuwa umelemewa na kura za nchi nzima, na sasa majibu yaliyochelewa yalikuwa yanafika yote kwa pamoja. Trei nzima ilitetemeka na kulia, mifuko ya plastiki ikicheza kama maharage jikoni, na Kijino akaziwekea mikono kuzinyamazisha.

Muuguzi alikuwa ameshaishika simu yake. Akausoma ujumbe kwa sauti, taratibu, kama anayesoma dawa. "Asante. Kura yako kwa mshiriki namba saba imepokelewa." Akainua uso. "Mimi sijapiga kura. Nilikuwa nakuja kupiga sasa hivi."

"Si ungempigia dada?" Kijino aliropoka. "Wewe ni wa kwetu."

"Wa kwenu ndiyo," muuguzi alisema, "lakini masikio ni yangu. Dada yako nampenda, anaimba vizuri, Mungu ambariki. Ila mimi nampigia yule kijana mfupi, namba nne. Tangu wiki ya kwanza nampigia yeye. Nani alikwambia mtu wa milimani anapenda nini?"

Kijino aliitazama trei. Ndilo jambo lile lile walilokuwa wakifanya waamuzi: kumtazama mtu anakotoka, halafu kumsemea yote yaliyo moyoni mwake. Yeye alikuwa amelifanya mara thelathini na moja.

Fundi alikuwa akifungua simu moja baada ya nyingine. Hakuuliza haraka. Alipofika ya tano, akaziacha.

"Ni wewe?"

"Nilikuwa najaribu mtandao, Baba."

"Ni wewe?"

"Ndiyo," Kijino alisema, akaanza kulia.

Muuguzi alisimama, akaitia simu yake mkobani. "Mimi sitamwambia mtu," alimwambia Fundi kwa upole, na upole huo uliuma kuliko matusi. "Lakini kura yangu mmeila." Akatoka bila kunywa maji aliyokuwa amepewa.

Fundi alichukua karatasi ya masharti ya shindano iliyokuwa droo ya juu. Aliijua vizuri, maana ndiye aliyeitia sahihi kama mdhamini wa dada. Ndugu wa mshiriki akipiga kura kwa hila, mshiriki hutolewa.

"Baba, ukiwaambia watamtoa dada," Kijino alisema. "Na leo ndiyo siku yake."

"Najua."

"Yule mama amesema hatasema."

"Na hawa thelathini wanaokuja sokoni? Nao wote tuwaombe wafunge midomo?" Fundi alikaa, akajishika kichwa. Kwa mara ya kwanza Kijino alimwona baba yake hajui afanye nini na mikono yake. Mwishowe alimpigia dada kwanza, huko mji mkuu, akamweleza yote bila kupunguza neno. Kisha dada akasema, kwa sauti ndogo, "Waambie, Baba. Siwezi kusimama pale niimbe na hilo likiwa nyuma yangu." Fundi akapiga kituo cha televisheni. Aliongea akiwa amesimama, kama yuko mbele ya mtu.

Jioni ile nyumbani hakuna aliyewasha taa. Walikaa mbele ya televisheni, Fundi, mama na Kijino, na ulipofika wakati wa namba saba, mtangazaji alitokea peke yake akitabasamu.

"Tumegundua," alisema, "udanganyifu wa kura kutoka dukani kwa baba wa mshiriki wetu wa milimani. Tumelazimika kumwondoa." Hakusema kwamba baba mwenyewe ndiye aliyepiga simu. "Cha ajabu ni kwamba watu wa mji huo huo walikuwa wametuandikia barua ndefu kuhusu haki. Kumbe wana haki yao ya kienyeji." Ukumbi ukacheka. Mmoja wa waamuzi alitikisa kichwa, akasema alihisi tangu mwanzo. Barua haikusomwa. Mama aliinuka, akaizima televisheni, akaenda kulala akiwa na nguo zake za mchana.

Dada alirudi Jumatatu na basi, ameishika ile nguo mkononi ikiwa imekunjwa vilevile alivyoondoka nayo. Kijino alimsubiri mlangoni akiwa amejiandaa kwa kofi. Hakulipata.

"Ungeshinda?" alimuuliza.

"Sijui," dada alisema. "Pengine wangenitoa vilevile. Lakini ningekuwa nimetolewa mimi, kwa sauti yangu. Sasa mimi sijui, wewe hujui, na wao wanadhani wanajua." Akaketi kwenye cherehani yake, akaanza kushona sare za watu. Tangu siku hiyo hakuimba akiwa kazini, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Wiki mbili Kijino alizunguka kuomba radhi, nyumba kwa nyumba, Fundi akitembea hatua chache nyuma yake bila kumsaidia kwa neno. Alipanda mpaka milimani. Wengine walimsamehe, wengine walifunga mlango, na bibi yule mzee hakuelewa kura ni nini, akampa kiti apumzike. Wateja kumi na wawili hawakurudi tena dukani. Muuguzi alimpokea vizuri. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Ila yule kijana mfupi naye alitolewa Jumamosi ile ile, nami najiuliza kama kura yangu ingemwokoa." Kijino aliteremka na maneno yale mpaka nyumbani.

Siku aliyomaliza, mwalimu wa hesabu alimwita mbele ya darasa, akasimama naye bega kwa bega. Kijino alieleza alichofanya. Alieleza mwanzo hadi mwisho, na hakulaumu mtandao wala waamuzi.

Chiriku alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwani waamuzi hawakutuonea?"

"Walituonea," mwalimu alisema, akalionyesha jedwali ukutani. "Hesabu hii ni ya kweli leo kama ilivyokuwa juzi. Hakuna namba hata moja ya kufuta."

"Basi tuwaandikie tena."

"Tutawaandikia, na sentensi ya kwanza itakuwa ya kukiri kosa letu. Lakini sitawadanganya, watoto wangu. Wataisoma sentensi hiyo ya kwanza, nyingine wataiacha." Aliokota chaki, akaishika bila kuandika. "Mnyonge akidai haki, hukaguliwa yeye kwanza. Mkubwa akikosea husema samahani na mambo yakaendelea. Sisi tukikosea mara moja, tunapewa jina na watoto wetu wanalirithi. Si sawa, na sisemi ni sawa. Lakini tulikuwa na kitu kimoja tu mikononi, nacho ni ukweli. Kijino aliogopa kwamba hautoshi, akauongezea kura za watu. Ukitwaa cha mwingine ili upate haki yako, umempa anayekuonea kile alichokosa muda wote, yaani sababu."

"Kwa hiyo wao wameshinda?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Safari hii, ndiyo," mwalimu alisema.

Barua ya pili iliandikwa wiki hiyo, sentensi ya kwanza ikiwa ya kukiri. Waliotia sahihi walikuwa hamsini na watatu. Haikujibiwa. Kabla ya mwaka wa shule kuisha, shindano la mwaka uliofuata lilitangazwa, na gazeti likatoa orodha ya miji ambako waimbaji wangesikilizwa. Mji wao haukuwamo, wala mji wowote wa karibu na milima. Chiriku aliisoma orodha mara mbili, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akalikunja gazeti, akamkabidhi Kijino, akarudi kufuta ubao bila kuimba.